Kwaya ya Laini ya Tatu

Jumatatu, 4 Novemba

Ninaandika hapa kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitafukuzwa kazi leo leo, na mdomo wangu haujui kunong'ona. Laini nzima ya washonaji ninaowasimamia wananiita Radi. Wanadhani sijui.

Asubuhi wamemtoa mama wa pasi. Wiki iliyopita meneja alipiga king'ora cha majaribio ya moto, sote tukakimbilia uwanjani, yeye akabaki anapiga pasi suruali za shule mpaka mlinzi alipokwenda kumshika bega. Kumbe masikio yamekwisha. Meneja akasema asiyesikia king'ora ni hatari kwa nafsi yake na kwa kampuni. Akampa bahasha, akampa mkono wa kwaheri, akamwambia Mungu ni mwema. Mama yule alikuwa pale tangu mimi ni msichana wa kukata nyuzi. Kelele za ukumbi wetu ndizo zilizomla masikio, halafu anafukuzwa kwa kukosa masikio. Mtu anakung'oa meno, kisha anakucheka hujui kutafuna.

Mchana meneja huyo huyo akaniita ofisini, anatabasamu meno yote nje. Sherehe ya kufunga mwaka ni tarehe saba Desemba. Tajiri mwenyewe atakuja na wateja wakubwa wanaonunua sare zetu, kwa hiyo anataka tamasha la vipaji: kila idara itoe kundi, waimbe, waigize, wacheke. Mratibu ni mimi.

"Wewe una sauti," akasema. "Watakusikia."

"Bosi, leo tumemtoa mtu."

"Ndiyo maana watu wanahitaji kuchangamka."

Nilitamani kummwagia chai yake. Nikasema sawa bosi, nikatoka.

Jumatano, 6 Novemba

Nimezunguka idara zote kuomba vipaji kama ombaomba. Chumba cha kukata vitambaa watatoa igizo. Wapakiaji watajenga mnara wa watu, watatu chini, wawili juu yao, na mmoja mwembamba kileleni atakayepunga bendera ya kampuni. Mhasibu anajua mazingaombwe. Anasema anaweza kupoteza leso mbele ya macho ya watu isionekane tena. Nikamwambia kipaji hicho tunakifahamu, hela zetu za likizo zilipotea vivyo hivyo. Wote walicheka ila yeye.

Laini yangu, laini ya tatu, itaimba kwaya. Hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Ndani ya ukumbi wa kushonea mashine zote zikinguruma hakuna anayemsikia mwenzake, hata ukimpigia kelele puani. Sisi tunasomana midomo na kuoneshana mikono. Kidole puani, sindano imevunjika. Kiganja kichwani, meneja anakuja. Mkono kifuani, nishikie mashine nakwenda msalani. Tunasengenya kutwa nzima bila kutoa sauti, na mgeni akiingia atadhani tumerogwa. Sasa watu waliozoea kuongea kwa midomo mitupu ndio niwafundishe kuimba.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Viatu vimelowa, moyo umelowa.

Sauti bora ya laini yangu, na nitasema kweli ingawa inanichoma, sauti bora ya kiwanda kizima ni ya mtu nisiyempenda: wifi yangu. Ameolewa na kaka yangu, dereva wa lori, ambaye nyumbani anapita kama mgeni. Wifi hushona kola, safu mbili mbele ya meza yangu ya usimamizi. Kabla ya kuolewa alikuwa anaalikwa kuimba harusini, na watu walikuwa wanalia hata kama harusi si ya kuliza.

Lakini maringo! Nikimsalimia kwa nyuma getini, hajibu. Nikimpigia simu, hapokei, halafu ananiandikia, "Wifi, nitumie ujumbe." Ujumbe wa nini, mimi ni benki? Kwa mama yetu anakaa pembeni anatabasamu kama malkia anayetazama raia wake. Mama mwenyewe amechoka. "Yule mke wa kaka yako ananidharau, mwanangu," aliniambia juzi. "Namuuliza chumvi iko wapi, ananijibu watoto hawajambo."

Leo nilimfuata mpaka kwenye mashine, nikamwonesha kwa midomo: utaimba. Akasoma, akaweka kola chini.

"Nitaimba, wifi," akasema. "Ila nisimame nyuma."

"Mwenye sauti hasimami nyuma."

"Basi pembeni."

"Mbele. Katikati," nikamwambia, nikaondoka kabla hajaleta maneno mengine.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Kantini inavuja. Hakuna mazoezi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mazoezi ya kwanza, na nimerudi nyumbani na hasira.

Wimbo nimeutunga mwenyewe, maana nyimbo za kusifu kampuni sitaki kuzisikia. Kiongozi anaanza, "Mtoto akivaa sare," wote wanaitikia, "ajue kuna mikono." Anaendelea, "Akifunga kifungo chake," nao, "ajue kuna macho." Rahisi. Mtoto wa chekechea anauweza.

Wifi yangu hauwezi. Nimemsimamisha mbele kama nilivyosema, wenzake nyuma yake. Ameanza vizuri, sauti ikajaa kantini nzima mpaka mpishi akaacha kuosha sufuria. Wenzake wakaitikia. Yeye akaingia mstari wa pili wakati wao bado wako katikati ya kuitikia! Tukarudia. Safari hii akachelewa, tukabaki tunatazamana. Tukarudia tena na tena. Mara awahi, mara achelewe, na kila nikimfokea ananitazama mdomoni kwa utulivu, kama mtu anayesubiri nimalize kutafuna.

"Wifi, unanisikia lakini?"

"Nimekuelewa, wifi."

Hakuna kitu kinachonikera kama mtu asiyekasirika ninapokasirika.

Alhamisi, 14 Novemba

Meneja amekuja kukagua igizo la chumba cha kukata. Mkata kola amejifunga mto tumboni anaigiza bosi anayelala kikaoni. Watu wamecheka mpaka wakashika kuta. Meneja hakucheka. Akaagiza mto utolewe, bosi awe daktari, na kikao kiwe hospitali. "Burudani iwe ya kuchangamsha, isiyo na mafumbo," akasema. Alipotoka mkata kola akaniuliza kama daktari anaruhusiwa kulala kikaoni. Nikamwambia alale, na akorome kwa nguvu.

Ijumaa, 15 Novemba

Mpishi ameomba acheze dansi peke yake. Nimemkubalia. Angalau yeye ameomba.

Jumanne, 19 Novemba

Leo nimelipata jibu, na jibu lenyewe limenitia wazimu.

Wifi aliharibu tena, mara mbili mfululizo. Nikachoka. Nikamwambia toka hapo mbele, nenda kasimame kule ukutani, uwatazame wenzako wanavyoimba labda utajifunza adabu. Akaenda, akasimama amewakabili. Nikasema anza.

Akaimba, hakukosea hata pumzi moja. Aliingia palipotakiwa kuingia, akanyamaza palipotakiwa kunyamaza, na mstari wa mwisho aliuvuta mpaka mshona vifungo akafuta machozi kwa pindo la aproni.

Kumbe anaweza! Kwa hiyo wiki nzima ananifanyia makusudi. Anataka nionekane sijui kazi mbele ya watu, mimi dada wa mumewe niliyemtafutia nafasi humu kiwandani kwa mdomo wangu. Kweli tenda wema uende zako. Nimemwandikia kaka ujumbe mrefu, nimemwambia mkeo ni nyoka. Amejibu, "Muache mke wangu." Maneno matatu tu. Mtu wa kuzaliwa naye tumbo moja.

Jumatano, 20 Novemba

Meneja amesikia sauti ya wifi akipita nje ya kantini. Ameingia, amesimama mdomo wazi. Ameamuru wifi asimame mbele kabisa, peke yake, jukwaani, amtazame tajiri usoni. "Huyu ndiye ua letu," akasema. Wifi alitabasamu. Mikono yake aliificha mgongoni, na mimi niliyekuwa nyuma nikaona anavyoiminya. Nikajisemea vizuri, ogopa kidogo.

Alhamisi, 21 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Baada ya chakula mawingu yalishuka mpaka ukumbini kukawa giza, taa zikawashwa mchana. Mara ngurumo moja kubwa, umeme ukakatika, mashine zote zikanyamaza kwa pamoja. Fundi akakimbilia jenereta, jenereta likagoma. Tukabaki gizani. Ndipo watu wakaanza kuongea kwa sauti, kama ilivyo kila umeme ukikatika. Wapakiaji wanapiga miluzi, wengine wanacheka, mwingine anauliza nani ana biskuti. Mvua inapiga bati kama inataka kuingia.

Mimi nilikuwa bado na moto wangu wa Jumanne. Nikasogea mpaka nyuma ya wifi. Yeye alikuwa ameinama, anapapasa kola aliyokuwa anashona, hageuki. Nikaona hapa ndipo pa kumpa zake, wenzake wasikie. Nikasema kwa sauti, "Wapo watu wanajiona, wanakula kwa mikono ya wenzao halafu wanawatemea mate. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Wa jirani wakaguna. Wifi hakutikisika.

Nikakaribia zaidi. Nikamwita kwa jina lake la usichana, ambalo hapendi liitwe. Kimya. Nikasema neno baya kuhusu mama yake. Nitaliandika hapa kwamba nililisema, sitaliandika neno lenyewe. Wa jirani wakashtuka, mmoja akaniita, "Radi, basi, Mungu anakuona." Wifi akaendelea kuikunjua ile kola taratibu, anaisogeza karibu na dirisha apate mwanga. Shingo yake ilikuwa imetulia kabisa. Mtu anayetukaniwa mama yake akajikaza hana shingo ya namna ile. Shingo ile haikuwa imesikia kitu.

Nikanyoosha mkono, nikamgusa bega. Akapiga yowe, akaruka, mkasi ukaanguka. Akanigeukia, macho yanatafuta mdomo wangu gizani na hayauoni.

Hapo yote yakanirudia: salamu za nyuma getini, simu zisizopokelewa, chumvi ya mama. Wifi yangu hasikii. Amekaa safu mbili mbele yangu miaka yote hii, na mimi msimamizi wake sikujua, kwa sababu ndani ya ukumbi ule hakuna anayesikia. Kiziwi na mzima wanafanya kazi sawasawa mpaka mashine zinyamaze.

Nikamshika mkono, nikauweka kwenye shavu langu, nikatikisa kichwa: ni mimi, usiogope. Umeme ukarudi. Akanitazama, akajua kwamba nimejua. Akaweka kiganja kichwani. Nikageuka. Meneja alikuwa anakuja.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekwenda kwake baada ya kazi. Amenifungulia kwa sababu aliniona dirishani. Tumekaa mezani chini ya taa, ana kwa ana.

"Tangu lini?"

"La kushoto tangu mimba ya mwisho. La kulia limeniaga mwaka huu."

"Kaka anajua?"

"Anajua."

"Mama je?"

"Mama yenu anadhani nina maringo. Bora maringo, wifi. Maringo hayamfukuzishi mtu kazi."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akacheka, kicheko chake cha zamani. "Nikuambie wewe? Siri ukiijua wewe inajulikana mpaka kwa wauza mitumba. Wewe ukinong'ona, majirani wanafunga madirisha." Nikataka kukasirika, nikakosa pa kushikia.

Nikamuuliza king'ora kile alikisikiaje. "Sikukisikia. Niliona mnakimbia, nikakimbia. Mama wa pasi alikuwa amewapa mgongo." Akasema tena, "Ni hilo tu, wifi. Yeye amefukuzwa kwa sababu pasi yake imeelekea ukutani."

Ana watoto watatu, na kaka mwenyewe lori likiharibika hana safari. Meneja akijua, Jumatatu bahasha. Sasa anamsimamisha huyu mtu jukwaani peke yake amwimbie tajiri, na wenzake wote wako nyuma ya mgongo wake.

Nimerudi nimelowa chapachapa na hasira yangu haina tena pa kwenda. Wiki mbili nilimpa yeye. Haikuwa yake.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimekwenda kwa meneja nimemwambia wifi anaumwa koo, tumtoe.

"Mpe maji ya tangawizi. Nimeshamwambia tajiri tuna ua."

"Bosi, na vile vizibo vya masikio ulivyotuahidi?"

"Mwezi ujao."

"Ulisema hivyo mwaka juzi."

"Sikio halipiti kichwa, mama," akasema, akachukua simu yake.

Mimi nimejaza pamba masikioni tangu ujana, pamba ya mabaki ya mabega ya makoti. Nimetoka ofisini nikaitoa, nikaitazama. Nyeusi tii kwa vumbi la nyuzi.

Alhamisi, 28 Novemba

Tumepata njia. Wifi ndiye aliyeifikiria, mimi nilikuwa bado natukana.

Yeye atasimama mbele anakotakiwa. Mimi sitakuwa jukwaani. Nitasimama mwisho wa ukumbi juu ya benchi, nyuma ya migongo ya wageni, nimtazame. Wenzake wakiitikia, mimi naitikia kwa midomo mikubwa na mikono, wakimaliza nashusha kiganja, naye anaingia. Leo tumejaribu mara kadhaa. Hakukosea. Wenzake wanadhani nimejitenga kusikiliza sauti zinafikaje, na mpishi amesema sijawahi kupendeza kama nikiwa nafumbua mdomo bila kutoa kelele.

Jambo jingine. Nimeanza kuwatazama wengine. Mshona vifungo hucheka mzaha baada ya wote kuwa wamecheka. Yule wa mapindo hugeuza kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje. Nikawa nahesabu, nikaacha.

Jumatatu, 2 Desemba

Wiki nzima sijamwambia mtu. Mdomo unaniwasha.

Alhamisi, 5 Desemba

Mazoezi ya mwisho. Mnara wa wapakiaji umemwangukia mhasibu akiwa katikati ya mazingaombwe, leso ikapotea kweli. Imepatikana ndani ya shati la yule mwembamba. Daktari wa igizo amekoroma vizuri.

Wifi ameimba bila kosa. Wakati wa kuondoka alinisubiri getini. "Usinitazame kama mgonjwa," akasema. "Zamani ulikuwa unanichukia vizuri zaidi." Nilimsonya. Akafurahi.

Jumapili, 8 Desemba

Niandike ya jana kabla sijapasuka.

Ukumbi ulipambwa kwa mabaki ya vitambaa vya sare. Tajiri alikaa mbele na wateja wake, suti zimewabana. Mpishi akacheza, mhasibu akapoteza leso na safari hii akaipata, mnara ukasimama, bendera ikapungwa. Hata mimi nilicheka. Kwaya ikaitwa.

Nikapanda benchi langu. Wifi akasimama mbele kwa gauni la bluu, macho yake yananitafuta juu ya vichwa vya watu mpaka yakanipata. Nikashusha kiganja. Akaanza.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Hata watoto waliokuwa wanagombea soda walinyamaza. "Mtoto akivaa sare." Kwaya ikaitikia, mimi nikaitikia kwa midomo, nikashusha kiganja, akaingia. Ubeti wa kwanza, wa pili. Nikaona tajiri anafuta miwani. Nikajisemea tumevuka.

Ubeti wa tatu watu hawakuweza kuvumilia. Mteja mmoja alisimama kupiga makofi. Mwingine akasimama. Tajiri akasimama, na tajiri akisimama nani atakaa? Ukumbi mzima ukasimama mbele yangu, mikono juu. Nikawa naona migongo tu. Nikaruka juu ya benchi kama chura, nikapunga mikono, hanioni. Mpishi alinivuta sketi akidhani nimepandwa na furaha.

Wifi akanyamaza. Kwaya nyuma ikaitikia, ikamaliza, ikangoja. Ikaitikia tena, ikangoja. Yeye akawa anawatazama wale watu, mdomo umefungwa. Makofi yakaanza kupungua. Nikaona kwenye upenyo mdogo meneja anakunja uso, anageuka kumtazama vizuri.

Kisha wifi akanyanyua mkono kuwasimamisha kwaya, akausogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Samahanini. Nimepotea," akasema. "Wifi yangu yuko kule nyuma alikuwa ananionesha maneno, mmesimama mbele yake. Si kosa, mmesimama kwa furaha. Naona mnapiga makofi. Siyasikii. Nilipoingia kiwanda hiki nilikuwa na masikio mawili, yote mawili yamebaki kwenye kola zenu. Mama wa pasi naye ya kwake yamebaki humu. Yeye mlimtoa kimyakimya. Mimi mkinitoa, nitoeni hapa hapa, watu wakiona."

Jamani, hasira niliyoisikia! Wiki mbili nimemficha mtu huyu, nimeuma ulimi mpaka ukaota sugu, na yeye anajianika mwenyewe mbele ya tajiri. Nilitaka kumpiga.

Meneja alifika jukwaani mbio. Akachukua kipaza sauti, akacheka. "Mmeona vipaji hivyo? Mmeamini, eeh? Huo ni utani, ndugu wageni, ni sehemu ya burudani! Mhasibu, njoo tena na leso!" Na watu wakacheka. Wateja wakacheka, tajiri akatabasamu. Mhasibu akainuka na leso yake mkononi.

Wifi alikuwa nyuma ya meneja, hauoni mdomo wake. Macho yake yakanitafuta tena, na sasa watu walikuwa wameanza kukaa. Aliniuliza kwa midomo, anasemaje?

Nikamjibu kwa midomo. Anasema ni utani.

Uso ule sijawahi kuuona kwake. Si hasira. Aliishiwa nguvu, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji mpaka mlangoni ikapasuka.

Basi hapo nikafungua mdomo wangu. Mungu aliniumba bila kipaza sauti kwa sababu sikihitaji. "SI UTANI!" Vioo vililia. Wote wakageuka. "Hasikii! Mimi msimamizi wake nasema hasikii, na laini yangu wengine hawasikii nusu, na vizibo vya masikio tumeahidiwa tangu mwaka juzi! Anayecheka aje ashone kola zile siku moja na masikio yake mazuri!"

Mhasibu akaketi. Akaitia leso mfukoni. Mshona vifungo, sijui alisikia au alisoma, alitoka kwenye mstari wa kwaya akasimama pembeni ya wifi, na wengine wakasogea, wakamzunguka. Hakuna aliyeshuka jukwaani. Mteja mmoja alimuuliza tajiri jambo sikioni.

Tajiri akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Jumatatu tutaongea," akasema, akatoka na wageni wake. Chakula kilibaki. Tulikila sisi.

Tukirudi nyumbani nilimgombeza wifi njia nzima, chini ya taa za barabarani ili anione mdomo. Kwa nini, kwa nini, tulikuwa tumebakiza ubeti mmoja! Akaniacha nikamaliza. "Nimechoka kuwatazama watu midomo, wifi," akasema. "Nilitaka mara moja na wao wanitazame wangu."

Jumatatu, 9 Desemba

Naandika nimesimama, nje ya geti, chini ya mwavuli wa mpishi. Mvua haijakata. Hakuna mashine iliyowashwa. Laini zote ziko nje, wapakiaji na chumba cha kukata nao wako nje, na mhasibu amesimama kidogo kando, anajifanya anasubiri mtu.

Wifi ameingia ofisini peke yake. Tajiri yumo, meneja yumo. Nilitaka kuingia naye, akanikataza mbele ya watu. "Wewe ukiingia utawatukana, watapata sababu." Nimekasirika. Nimebaki.

Ametoka mara moja, karatasi mkononi, anaikinga mvua kwa kanga. Tulimzonga wote. Nikamshika uso anione. "Wamesemaje?"

"Wamesema mengi. Tajiri alisema, meneja akasema, wote wawili wakasema kwa pamoja. Nikawaambia mimi sisikii, andikeni." Akatabasamu. "Wakatazamana. Nikawapa kalamu."

Miaka yote tumeahidiwa kwa mdomo. Hakuna aliyewahi kupata akili ya kuwaambia hivyo, kwa sababu sote tulijidai tunasikia.

Nikaisoma kwa sauti, na kwa sauti yangu hata walio barabarani walipata habari. Anabaki kwenye kola yake, mshahara wake ule ule. Vizibo vya masikio kwa ukumbi mzima kabla ya mwaka mpya. Taa nyekundu itafungwa juu ya king'ora. Sahihi ya tajiri, sahihi ya meneja. Watu wakaanza vigelegele, wapakiaji tayari wanaelekea mlangoni.

"Soma mwisho," akasema wifi.

Mwisho waliandika: kuhusu mama wa pasi, suala lake litafikiriwa.

Aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaiweka mgongoni mwa mshona vifungo, akaukata mstari huo kwa kalamu mara mbili mpaka karatasi ikatoboka. Akaikunja, akarudi nayo ofisini, akaufunga mlango.

Wapakiaji wamerudi. Tumesimama. Huko ndani bado wanaandika.